Somo la uendelevu liwe la lazima vyuoni? Napinga, na sababu zangu ziko Usangu

Wakuu, habari za jioni.

Kuna hoja naisikia sasa kwenye kila kikao cha kupitia mitaala: kila mwanafunzi wa chuo kikuu, awe wa sheria, uhandisi, uhasibu au udaktari, asome somo moja la lazima la uendelevu, kama tulivyosoma DS (Development Studies, taaluma za maendeleo). Wanaoitetea wana nia njema. Wanataka mhitimu yeyote atoke akijua jinsi mazingira, uchumi na maisha ya watu yanavyoshikana. Uendelevu ndio kazi yangu ya kila siku, na bado hoja hii naipinga, kwa sababu nimeona somo la lazima linavyokufa.

DS yenyewe haikuanza vibaya. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, palikuwa na swali zito: chuo hiki kinasomesha watu kwa faida ya nani? Somo la pamoja kwa wanafunzi wa fani zote lilitokana na ubishi ule, na mwaka 1973 ikaundwa taasisi nzima ya taaluma za maendeleo. Miaka mingi baadaye, kwenye chuo nilichosoma mimi, tulijazana mamia ukumbini, kipaza sauti kinakatikakatika, na wiki ya mwisho tunagawana madesa ya miaka mitatu nyuma. Nilipata B+ bila kufungua kitabu hata kimoja. Naogopa uendelevu utaingizwa kwenye ukumbi ule ule.

Sasa tuje Usangu, bonde la mashamba ya mpunga na malisho kule Mbarali, Mbeya.

Mto Ruaha Mkuu, unaopita bonde hilo, ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Kuanzia 1993 ukawa unakauka kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, viboko wakabaki wamebanana kwenye madimbwi. Kila fani ikaja na dawa yake. Wahandisi walisema mabanio ya kienyeji, yaani vizuizi vya miti, nyasi na udongo vya kuelekeza maji ya mto mferejini, yanapoteza maji, basi yakajengwa ya zege yenye milango ya chuma. Kwa hesabu za darasani huo ni ufanisi. Lakini banio la miti lilikuwa linavuja, na maji yaliyovuja ndiyo yaliyomfikia mkulima wa chini. Banio la zege halivuji. Aliye juu akaweza kuuchukua karibu mto mzima wakati ambao maji ni machache kuliko wakati wowote. Wachumi nao wakaleta vibali na ada za maji, na aliyelipa ada akaona ameshanunua haki yake, hata mto ukipungua.

Kisha umeme. Maji ya Ruaha yanakwenda kwenye mabwawa ya umeme: Mtera, megawati 80, halafu Kidatu, megawati 204. Mgao ulipobana, lawama ikawaangukia wafugaji, na kuanzia 2006 wakaondolewa Usangu na mifugo yao. Mwaka 2008 Ihefu, ardhi oevu ya Usangu, ikaingizwa ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Na tayari kulikuwa na utafiti ulioonyesha kwamba bwawa la Mtera hujazwa na maji ya masika, na yale ya Ruaha ya kiangazi ni sehemu ndogo. Swali la namna mabwawa yanavyoendeshwa lilikuwa kubwa kuliko swali la ng'ombe. Ripoti zilikuwepo. Familia zilihama hivyo hivyo.

Katika hao wote hakuna aliyekuwa mbumbumbu kwenye fani yake. Hawakuwahi kusimama pamoja kwenye banio moja wakati maji yanakatika, wakamsikiliza mtu wa chini.

Miaka ya mwanzo ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine walifanya kazi Usangu na wenzao wa Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza. Mmoja wa hao wa East Anglia, Bruce Lankford, akabuni mchezo: ubao mrefu ulioinamishwa kama bonde, gololi ndizo maji, vijiti ndiyo mabanio. Wakulima wa juu na wa chini wanacheza pamoja. Gololi zinamwagwa, wa juu wanakinga zote, wa chini wanabaki mikono mitupu, na mazungumzo yanaanzia hapo. Mle ndani mna haidrolojia (elimu ya mwenendo wa maji), sheria, uchumi na ujirani, kwa wakati mmoja.

Pendekezo langu: krediti za somo hilo la lazima zitumike hivyo. Chuo kichague bonde moja na kikae nalo miaka kumi. Wanafunzi wa uhandisi, sheria, sosholojia, mifugo na uchumi wakae huko wiki sita, waandike ripoti moja, isahihishwe na walimu wa idara mbili tofauti, kisha isomwe mbele ya wanakijiji kabla ya kwenda maktaba. Karibuni.

Mwanasheria, Mwanza

Mkuu, nakupinga. Wanafunzi wako wa wiki sita watakuwa wangapi? Mia? Mia mbili? Vyuo vyetu vina makumi ya maelfu. Mhasibu wa halmashauri anayeidhinisha malipo ya banio hatafika Usangu, lakini ukumbini atafika. Mimi DS ilinipa maswali ambayo sheria haikunipa: nilijua kuuliza ardhi hii ilikuwa ya nani kabla ya hati. Somo limefundishwa vibaya? Lifundishwe vizuri. Ukilifuta, hao maelfu hawapati chochote, na uendelevu unabaki wa wachache waliobahatika kupanda basi la kwenda Mbarali.

Mhadhiri

Nimefundisha kozi ya namna hiyo mara mbili, na mwenzangu wa idara nyingine. Wanafunzi walibadilika mbele ya macho yangu. Binti mmoja wa uhandisi alifuta mchoro wake wote baada ya kukaa siku moja na akina mama wanaochota maji mferejini. Lakini chuoni kwetu alama za kupanda cheo zinatokana na makala, na makala yenye waandishi watano kutoka idara tano inakupa kipande tu. Idara ilihesabu saa zangu nusu, kwa kuwa kozi ilikuwa "ya wote". Mwaka wa tatu niliacha. Nina watoto, nilihitaji cheo. Tusizungumzie mtaala tukaacha utaratibu wa kupandishana vyeo.

Mhitimu, Dodoma

Na ajira je? Shahada yangu ni ya mseto, mazingira na maendeleo. Tangazo linasema "mwenye shahada ya uhandisi wa mazingira au sifa inayolingana na hiyo kutoka chuo kinachotambuliwa na Serikali". Nimeomba mara saba. Mara saba kada yangu haijatambuliwa. Msiwafungulie wadogo zetu shahada za mseto wakati mwajiri bado anasoma jina la cheti tu.

Mleta mada

Ndugu wa Dodoma, pole sana. Ndiyo maana sikupendekeza shahada mpya. Mhandisi abaki mhandisi kwenye cheti, ila awe amekaa wiki sita na mwanasheria na mfugaji.

Mwalimu, la vyeo sina jibu jepesi, na nakiri niliandika kama vile utashi wa walimu unatosha. Kozi ya pamoja ihesabiwe saa kamili kwa kila mwalimu. Hilo seneti ya chuo inaweza kuliamua bila kusubiri bajeti.

Wakili, hapo kwenye idadi umenishika. Lakini si lazima wote waende Usangu. Mto Msimbazi unapita katikati ya Dar es Salaam, mafuriko yake tunayajua, na nauli ni ya daladala. Kila chuo kina mto, dampo au soko karibu. Ukumbi wa mamia ndio ninaoukataa.

Mkulima, Mbarali

Nimesoma yote. Wanafunzi huja kwetu Julai na Agosti, wakati wa field, na maji bado yapo mferejini. Wanapima, wanapiga picha, wanaondoka. Shida yetu inaanza Oktoba hadi mvua za kwanza, tunapolala kwenye mfereji kulinda zamu, na watu wanapigana kwa majembe. Wakati huo wao wako darasani. Mwalimu, hiyo ratiba ya chuo inabadilishwa na nani?

Mleta mada

Mzee wangu, shikamoo. Ratiba inapitishwa na seneti hiyo hiyo. Hili nilikuwa sijaliona kabisa. Wiki sita ziwe Oktoba na Novemba.