Naomba ushauri: programu inajifunga nikibonyeza "Tuma maoni"

Wakuu, habari za saa hizi. Nina programu ya mahesabu ya duka kwenye kompyuta ya mezani, Windows 10, RAM GB 4. Kazi zote inapiga vizuri, hata risiti inatoa. Shida ni kitufe cha kutuma maoni: nikikibonyeza, kidirisha cheupe kinachungulia kama sekunde mbili, halafu programu nzima inapotea. Hakuna ujumbe, hakuna kuaga. Na nilichotaka kuwaambia watengenezaji wake ni hitilafu nyingine, sasa nitaisemea wapi?

Nimeingia Event Viewer (sehemu ya Windows inayoorodhesha matukio na hitilafu), nikakuta tukio namba 1000 lenye msimbo 0xc0000005. Najua hapo programu imegusa memori isiyoruhusiwa, ila chanzo ndicho sikioni. Nimeifuta na kuiweka upya, wapi! Ajabu, kwa akaunti ya mke wangu kwenye mashine hiyohiyo inafunguka bila shida. Ndiyo maana nashuku faili za muda kwenye AppData yangu (folda ambamo programu huweka data za kila akaunti), au WebView2 (kijenzi cha Microsoft cha kuonyesha kurasa za wavuti ndani ya programu) kama ndiyo inayoonyesha hiyo fomu ya maoni.

Nikifuta folda ya AppData, mauzo ya miezi minane yatapona? Sina nakala nyingine. Aliyewahi kukutana na hili anielekeze kabla sijagusa kitu.