Naomba ushauri: tulime mbono kaburi kwa ajili ya mafuta?

Habari zenu wakuu. Kijijini kwetu Kilwa amekuja wakala anatushawishi kikundi chetu tutoe eka 40 tupande mbono kaburi (jatropha), mti ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta ya kutengenezea dizeli. Anasema mbegu tutakazovuna atanunua zote, na kwamba dizeli ya mimea ndiyo mpango wa serikali.

Mimi nasita. Miaka ya 2000 mikoa ya pwani ilijaa wawekezaji wa zao hili, Kilwa na Kisarawe zikiwemo, na wengi waliondoka huku ardhi ya vijiji ikiwa imeshahama mikononi mwa wenyewe. Serikali ilitoa miongozo ya nishati za mimea mwaka 2010, wakati vumbi limeshatimka.

Isitoshe, huu mti si alizeti. Mbegu zake ni sumu, na hata mashudu huwezi kumpa ng'ombe. Mnunuzi akikimbia utazifanyia nini? Kutengeneza sabuni, labda. Halafu wanasema unastahimili ukame. Ni kweli haufi, lakini kutofa si kuzaa. Wazee wetu waliupanda kama uzio tu (na makaburini), wala hawakuung'olea mihogo.

Sasa nauliza wenye uzoefu. Mkataba uwe na vipengele gani ili mnunuzi abanwe bei na muda? Au tupande mipakani tu, tununue kinu cha kukamulia, mafuta yaendeshe mashine ya kusaga? Injini ya dizeli ya kawaida itayahimili bila kuziba nozeli?

Kikao ni Jumamosi.