Nimewapima watoto wa Darasa la Tatu kumbukumbu na umakini: niwarudishieje matokeo bila kuwavunja moyo?

Mwalimu wa Pwani (mwanzisha uzi)

Ndugu walimu na wazazi, naomba ushauri wenu. Ninafundisha Darasa la Tatu lenye wanafunzi 64 katika Mkoa wa Pwani. Muhula huu nimewapima watoto mmoja mmoja, wakati wa mapumziko na baada ya masomo, kwa majaribio mafupi niliyofundishwa kwenye semina: kurudia tarakimu ninazozitamka, kwanza kwa mpangilio wake kisha kuanzia mwisho, kutafuta umbo lililojificha miongoni mwa mengine, na kusimulia upya hadithi fupi. Nilitaka kila mtoto ajue akili yake inavyofanya kazi anapojifunza, ili aweze kujisaidia hata nisipokuwepo.

Kosa langu lilikuwa kuacha daftari la matokeo wazi mezani. Mvulana mmoja wa miaka 9, anayekaa dawati la nyuma karibu na dirisha, aliona jina lake na tarakimu 3 kando yake, na chini yake jina la jirani yake lenye 6. Hakulia. Alirudi kwenye dawati lake akafunga daftari lake la hesabu, na nilipomwita kwa jaribio la pili akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mimi kichwa changu ni kidogo, hakishiki." Tangu siku hiyo hajanyoosha mkono darasani, na jambo hili linaninyima usingizi. Je, niendelee na upimaji huu, na nikiendelea, nimwambie nini mtoto huyu?

Mwalimu wa Elimu Maalumu

Pole sana, Mwalimu mwenzangu, na ninakuomba usiache. Wanasaikolojia Alfred Binet na Théodore Simon walipotoa kipimo chao cha akili mjini Paris mwaka 1905, kusudi lilikuwa kuwatambua watoto wanaohitaji msaada shuleni, na Binet mwenyewe alilipinga wazo la kwamba akili ya mtu ni kiasi kisichoweza kuongezeka. Hiyo 3 inaonyesha tarakimu alizoweza kuzishika mtoto siku ile, kwa njia aliyoitumia siku ile, pengine akiwa na njaa au akisikia wenzake wakicheza nje.

Mtoto wa umri huo haelewi maelezo marefu kuhusu kumbukumbu, kwa hiyo mwache aone mwenyewe. Mtamkie tarakimu sita moja moja: nne, mbili, nane, tano, moja, sita. Huenda akapotea katikati. Kisha mtamkie hizohizo kwa jozi: arobaini na mbili, themanini na tano, kumi na sita. Sasa ana vitu vitatu tu vya kushika, na vitatu anaviweza, kwa kuwa hilo daftari lako limekwisha kukuambia. Mwanasaikolojia George Miller aliandika mwaka 1956 kwamba uwezo wetu wa kushika mambo kwa muda mfupi una mpaka, lakini tunaweza kuuvuka kwa kuyafunga mambo madogo katika mafungu makubwa zaidi. Akishafaulu, muulize, "Umefanyaje?" Jibu lake ndilo tokeo la kuandika, kwa maneno yake mwenyewe.

Mama wa Wawili

Mwalimu, nakuomba jambo moja kama mzazi. Mwanangu alipimwa katika shule moja, tukaambiwa kwamba yeye ni "mtoto wa kujifunza kwa kuona". Alilipokea neno hilo kama jina la ukoo. Bibi yake alipomsimulia hadithi jioni, alisema hawezi kuelewa kwa kusikia, ilhali mwaka uliotangulia alikuwa anazijua zote kwa kichwa. Tafadhali usimpe mtoto yeyote jina la namna hiyo.

Mwalimu wa Elimu Maalumu

Mama, una haki ya kusikitika. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake waliupitia utafiti wa mitindo ya kujifunza, wala hawakupata ushahidi wa kutosha kuhalalisha kuwagawa watoto kwa mitindo hiyo ili kila kundi lifundishwe kwa njia yake.

Mstaafu wa Bagamoyo

Wanangu, huku kwetu Bagamoyo walikuja watafiti akina Robert Sternberg na Elena Grigorenko, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2002. Waliwapima watoto, wakawafundisha kwa muda mfupi mbinu za kulikabili jaribio, kisha wakawapima tena, na alama zikapanda. Kwa maoni yangu, kipimo cha mara moja kinamdhulumu mtoto. Mpime, mfundishe, mpime tena, na umwonyeshe hatua aliyopiga yeye mwenyewe, pasipo kumtajia ya jirani.

Angalia pia unampima kwa kifaa gani. Mtafiti Robert Serpell aliwalinganisha watoto wa Lusaka, Zambia, na wa Manchester, Uingereza, katika kunakili maumbo, akachapisha matokeo mwaka 1979: wa Manchester waliongoza kwa kalamu na karatasi, wa Lusaka wakaongoza kwa waya. Nimefundisha watoto wengi waliounda magari ya waya yenye usukani unaozunguka, na darasani wakaitwa wazito.

Mwalimu wa Pwani

Nawashukuru sana, na kwa Mzee wangu shikamoo. Leo baada ya masomo nimekaa na yule mvulana chini ya mwembe, nikamwomba radhi kwanza kwa daftari lile. Tarakimu sita moja moja zilimshinda. Kwa jozi alizirudia zote, akanyamaza kidogo, akaniomba nimpe nyingine, na hizo nazo akazipata. Nilipomuuliza amefanyaje, alisema, "Nimezifunga mbili mbili, kama fungu la nyanya."

Maneno hayo nimeyaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake, naye ameyasoma mara mbili. Daftari la alama nimelifungia kabatini. Jumatatu tutaanza na maneno marefu ya imla, ayakate silabi mwenyewe kabla ya kuyaandika.