Naomba ushauri: makaa ya vifuu yasifiwa, hayanunuliwi

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nauza makaa ya vifuu vya nazi hapa Kongowea, yale yanayochomwa, kusagwa na kushikanishwa kwa uji wa muhogo. Moshi wake ni mdogo na moto wakaa, ila yachelewa kushika, hilo sifichi.

Tangu Ramadhani nimetundika kibao: "Okoa misitu, nunua makaa ya vifuu." Watu wasoma, wanisifu, kisha wavuka barabara kununua mkebe wa makaa ya miti. Juzi mama mmoja akaniambia, "Mwanangu, miti naihurumia, lakini maharagwe yangu yataiva saa ngapi?" Nikakosa jibu. Nilipunguza bei wiki mbili, wakaja. Bei iliporudi wakatoweka. Wateja wa kudumu ni wachoma mishikaki wawili tu, na hao mazingira hawajayataja hata siku moja. Wataka moto usiozimika katikati ya wateja.

Naomba mnisaidie: kibao nikibadilishe kitaje pesa na muda, niachane na misitu? Na nyinyi, mara ya mwisho mliponunua kitu kisichoharibu mazingira, ni nini hasa kiliwafanya mtoe pesa?