Binti yangu anataka shahada ya uuguzi: masharti ya kujiunga na ya mazoezi ya wodini ni yapi?

Mama Biira, Kasese

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kutoka Kasese. Binti yangu amemaliza kidato cha sita na matokeo yake ya UACE, mtihani wa taifa wa kidato cha sita hapa Uganda, ni haya: Baiolojia C, Kemia D na Kilimo B. Anataka kusomea shahada ya uuguzi, na sidhani kwamba ni tamaa ya kupita, kwa sababu mwaka jana alimuuguza bibi yake kwa miezi minne, akimgeuza kitandani kila baada ya saa mbili kama sista alivyotuelekeza, na bibi hakupata kidonda hata kimoja cha mgongo.

Nimeuliza katika vyuo viwili na nimerudi na majibu yanayopingana. Wa kwanza waliniambia kwamba Baiolojia peke yake inatosha, wa pili wakasema hesabu ya alama ndiyo itakayoamua, ila hawakunieleza inavyofanywa. Isitoshe, nilipewa karatasi ya mahitaji ya mazoezi hospitalini yenye chanjo ya homa ya ini, sare, daftari la mazoezi na fedha za usafiri, bila maelezo yoyote. Naomba anayejua anifafanulie mambo mawili: kwa alama hizi anaweza kuingia, na je, hospitali ya kufanyia mazoezi hutafutwa na chuo au na mzazi?

Mkufunzi Mstaafu, Mbarara

Mama Biira, hongera kwa binti huyo. Nimefundisha uuguzi kwa miaka mingi na nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu wazazi wengi hulipa kwanza na kuuliza baadaye.

Sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2001 inataka mwombaji atokaye UACE awe na ufaulu angalau tano wa UCE, yaani mtihani wa kidato cha nne, na ufaulu mkuu wa masomo mawili uliopatikana katika mtihani mmoja. Ufaulu mkuu ni alama ya A hadi E. O haiingii humo. Hicho ni kizingiti cha taifa tu. Juu yake kila programu huweka masharti yake, na kwa uuguzi masomo yanayobeba mzigo ni Baiolojia na Kemia, kwa hiyo aliyekuambia kwamba Baiolojia peke yake inatosha hakukusaidia.

Sasa hesabu. A ina pointi 6, B 5, C 4, D 3, E 2 na O 1. Katika vyuo vya umma kama Makerere, pointi za masomo ya lazima huzidishwa kwa 3, za somo linalohusiana huzidishwa kwa 2, za somo linalofaa kwa 1, na za lililobaki kwa nusu. Baiolojia na Kemia zikiwa za lazima, binti yako ana 12 na 9, jumla 21. Kilimo ndicho kinachohitaji macho yako: chuo kikikiweka katika kundi la yanayohusiana, B yake inampa 10; kisipokiweka, inampa 2.5 tu. Tofauti hiyo ya pointi saba na nusu inatosha kumtoa au kumwingiza mtu. Kwa hiyo chukua jedwali la uzito wa masomo la kila chuo unachokusudia, ulisome mwenyewe mstari wa uuguzi, usitegemee la chuo jirani. Kumbuka pia kwamba tangu mwaka 1990 wasichana wamekuwa wakiongezewa pointi 1.5 wanapoomba vyuo vya umma.

Kuhusu mazoezi, jibu fupi ni kwamba kutafuta hospitali ni wajibu wa chuo, si wako. Makerere, iliyoanza shahada hii mwaka 1993, ina hospitali ya Mulago mlangoni mwake, na kwa magonjwa ya akili wanafunzi hupelekwa hospitali ya Butabika. Mbarara ina hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo pamoja na chuo. Busitema hutumia ile ya Mbale. Chuo kisicho na hospitali yake kinapaswa kuwa na mkataba wa maandishi na hospitali fulani. Omba kuuona. Niliwahi kuwapokea wodini wanafunzi wa chuo kimoja ambacho sitakitaja, waliokuja kumi na wawili bila mwalimu wao hata mmoja, wakakizunguka kitanda kimoja huku mgonjwa akifunikwa na kufunuliwa ili kila mmoja aone kidonda. Mgonjwa yule alilia, na hakuna mwanafunzi aliyekigusa kidonda. Waliandikiwa siku za mazoezi, lakini hawakujifunza kitu, na hilo linaniuma hadi leo.

Kabla ya kulipa hata shilingi, hakikisha kwamba programu yenyewe, siyo chuo tu, imeidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, kisha uulize Baraza la Wauguzi na Wakunga kama linaitambua. Baraza hili linasimamia taaluma kwa sheria ya mwaka 1996, nalo ndilo litakalomsajili binti yako akihitimu. Shahada ambayo Baraza haliitambui haimpi ruhusa ya kumhudumia mgonjwa.

Kijana wa makazi ya wakimbizi ya Kyaka II

Mwalimu, samahani kwa kuingilia kati. Nami nataka uuguzi, ila nilimaliza sekondari Kongo, Beni, na nina diploma ya taifa iliyoandikwa kwa Kifaransa. Nitahesabiwaje?

Mkufunzi Mstaafu, Mbarara

Karibu, kijana wangu. Cheti cha sekondari cha nje hupelekwa UNEB, yaani baraza la mitihani la taifa, kulinganishwa na vyeti vya Uganda, kisha majibu yao ndiyo unayoambatanisha kwenye maombi. Kwa kuwa chako ni cha Kifaransa, tafuta kwanza tafsiri rasmi ya Kiingereza, na uanze mapema, kwa maana dirisha la maombi likifungwa halikusubiri.

Nesi wa Busia

Mama Biira, naongezea njia ya pili, ambayo mimi mwenyewe nimeipita. Hesabu ikimkatalia mwaka huu, asikae nyumbani. Mimi nilianza na cheti, nikafanya kazi, nikasoma stashahada, nikarudi wodini tena, ndipo nikaomba shahada kupitia nafasi za wenye stashahada. Njia hii ni ndefu, lakini unapofika darasani na kusikia mhadhara wa kutokwa damu baada ya kujifungua, una sura ya mama fulani akilini, unajua mikono yako ilifanya nini na ilichelewa wapi. Vyuo vinavyopokea wenye stashahada hutaka usajili wa Baraza la Wauguzi na Wakunga na leseni hai ya kufanya kazi, na vingi hutaka pia uzoefu wa kazi, kwa hiyo asije akaacha leseni ikaisha muda. Chuo Kikuu cha Aga Khan kule Kampala kimekuwa kikiwasomesha wauguzi walio kazini tangu mwaka 2001, na ratiba yake ilipangwa kwa kuwafikiria watu wa aina yetu.

Kuhusu karo, mkopo wa Bodi ya Ufadhili wa Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2014, hulipa masomo lakini haulipi chakula wala malazi. Hayo mawili yapangie wewe.

Mwanafunzi wa Mwaka wa Tatu, Mulago

Shikamoo Mama. Nimeiona orodha kama hiyo yako na nilikosea palepale pa kwanza, kwenye chanjo. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu baada ya miezi sita tangu ya kwanza, na kabla ya yote hupimwa damu kuona kama hujaambukizwa tayari. Mimi niliianza wiki ya kufungua chuo, kwa hiyo niliingia wodini nikiwa na dozi moja tu mwilini. Katika wiki ya tano sindano ilinichoma kidole nilipokuwa nikiirudishia kifuniko chake, jambo ambalo tulikuwa tumekatazwa. Sista aliniosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, akanipeleka siku hiyohiyo kuanzishiwa dawa za kuzuia VVU, ambazo ni lazima zianze kabla ya saa 72 kupita na humezwa kwa siku 28. Nashukuru nilitoka salama, lakini zile siku 28 sikuwa na usingizi. Tafadhali binti aanze chanjo sasa, wakati maombi yakiendelea.

Katika vifaa, usinunue saa ya namba. Anunue saa yenye mshale wa sekunde, kwa sababu katika wodi ya uzazi utaweka faneli, kile kifaa cha umbo la koni cha kusikilizia moyo wa mtoto, juu ya tumbo la mama, utege sikio, na uhesabu mapigo ya moyo wa mtoto kwa dakika nzima, kila nusu saa, ukitarajia yawe kati ya 110 na 160, na kuyaandika kwenye chati ya uchungu kabla hujasahau. Daftari la mazoezi nalo lina sehemu ya kitendo ulichokitazama, ulichokifanya ukiongozwa, na ulichokifanya mwenyewe, na kila mstari hutiwa saini na msimamizi. Saini iombwe zamu hiyohiyo. Wenzangu walioahirisha walijikuta mwisho wa muhula wakimtafuta msimamizi aliyekwisha hamishwa.

Jambo jingine ambalo halimo katika orodha ni lugha. Hapa Mulago wagonjwa wengi huzungumza Kiganda, nami nilikuja bila neno. Nilijifunza kwanza kuuliza "inauma wapi" na "umekula nini", na hayo mawili yalinifungulia mlango. Miaka minne ikiisha unabaki mwaka mmoja wa utarajali, yaani kufanya kazi hospitalini chini ya uangalizi baada ya masomo, chini ya Wizara ya Afya, ambayo inaweza kukupanga hospitali yoyote, kwa hiyo lugha nyingine inaweza kuanza upya.

Mama Biira, Kasese

Nawashukuru sana nyote, na wewe mwanangu wa Mulago, pole kwa yale uliyopitia. Nimemsomea binti majibu haya jioni ya leo, tukatulia muda mrefu kwenye habari ya yule mgonjwa aliyelia. Jedwali la Mbarara nimelipata kwa jirani ambaye mwanawe yuko huko, nitaliangalia kesho pamoja na lile la Busitema. Kuhusu damu na chanjo, Jumatatu asubuhi tunapanda gari kwenda hospitali ya Bwera.