Vipande 12 vya tezi dume kwenye chupa moja ya maji ya dripu, halafu maabara ndiyo ilaumiwe?

Wakuu, hili limepita kiasi. Sampuli za tezi dume zinafika patholojia (maabara inayochunguza vinyama kwa hadubini) zikiwa zimeshaharibika, mgonjwa anaambiwa "rudia kipimo", kisha lawama zote zinatua maabara. Kurudia ni sindano nyingine kupitia njia ya haja kubwa, antibayotiki nyingine, hatari nyingine ya bakteria kuingia kwenye damu. Mzee wa miaka 70 anapitishwa huko mara ya pili kwa sababu mtu hakuandaa chupa!

Biopsi (kuchukua vinyama kwa sindano) ya kawaida ni vipande 12, sita kila upande: jirani na kibofu, katikati na nchani. Kila kipande hakifiki milimita moja kwa unene, urefu kama sentimita moja na nusu. Mkivirundika vyote kwenye chupa moja vinajisokota na kukatika, na hapo hakuna anayeweza kusema vingapi vina saratani wala iko upande gani. Huwezi pia kuvilaza 12 kwenye bloku, yaani kipande cha nta ambamo nyama huzamishwa ili ikatwe, vikae usawa mmoja. Kisu cha mikrotomu (mashine ya kukata nyama vipande vyembamba sana) kinamaliza kipande cha juu kabla hakijagusa cha chini, na kilichokatwa kikatupwa hakirudi. Kila eneo liwe na chupa yake. Mkishindwa kabisa, angalau tenganisheni kulia na kushoto. Na lebo ibandikwe ubavuni mwa chupa, SIO kwenye kifuniko. Vifuniko vikishafunguliwa mezani vinachanganyika, na saratani ya mtu mmoja inakwenda kwenye faili la mwingine.

Maji ya dripu hayahifadhi kinyama. Seli zinaanza kujimeng'enya palepale. Kinachotakiwa ni fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama) ya asilimia 10 yenye bafa, yaani chumvi za kuzuia asidi, na kuitengeneza si kazi ngumu: mililita 100 za fomalini kali ya dukani, mililita 900 za maji yaliyochujwa kwa mvuke, gramu 4 za sodiamu fosfeti ya hidrojeni mbili (ile yenye molekuli moja ya maji) na gramu 6.5 za disodiamu fosfeti kavu. Wanaokadiria kwa macho na maji ya bomba, bila hizo chumvi, wanapata fomalini yenye asidi inayoacha chembe nyeusi juu ya tishu. Fomalini iwe angalau mara 10 ya ujazo wa kinyama, na kinyama kikae humo saa 6 hadi 48. Msikiache kwenye shashi (gauze) kavu, msikiminye kwa koleo. Na zile chupa za dawa zenye shingo nyembamba acheni: nyama inaingia ikiwa laini, ikishakuwa ngumu ndani ya fomalini haitoki mpaka chupa ivunjwe.

Fomu ndiyo inayoudhi kuliko yote. Imeandikwa "?Ca prostate" (yaani "labda saratani ya tezi dume"), basi. PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) ngapi? Kidole cha daktari kilipopima tezi kupitia njia ya haja kubwa kiliona nini? Mgonjwa ameshaanza dawa za homoni? Dawa hizo husinyaza tezi za saratani hadi zinaonekana kali kuliko zilivyo, kwa hiyo alama za Gleason (za ukali wa saratani) zitapotosha. Kwenye kibofu, mgonjwa aliyewekewa BCG (chanjo ya TB inayotumika pia kutibu saratani ya kibofu) huota vivimbe vinavyofanana kabisa na TB. Msipoandika, mnataka ameze dawa za TB miezi sita bure?

Maabara nazo zisijifiche. Kukata usawa mmoja wa bloku na kusaini "hakuna saratani" ni uzembe. Kata angalau kwenye vina vitatu tofauti vya bloku, kila kipande unene wa mikroni 3 hadi 4, na slaidi za katikati zihifadhiwe bila rangi, kwa sababu kidonda kidogo kinaweza kuisha kwenye bloku kabla hujafanya p63, kipimo cha rangi cha kuona kama seli za msingi zipo (kwenye saratani hazipo). Na jibu la "adenokasinoma" (saratani ya tezi) pekee halimsaidii daktari wa mkojo. Alama za Gleason 3+4 na 4+3 zote ni 7, lakini ya kwanza ni kundi la ukali la 2 na ya pili kundi la 3, na mwelekeo wa tiba unaweza kubadilika. Andikeni alama, vipande vingapi vina saratani kati ya vingapi, na asilimia ya kila kimoja.

Vinyama vya kibofu vilivyokwanguliwa kwa umeme: jibu lazima liseme kama msuli wa kibofu umo au haumo. Usipokuwemo, hakuna wa kuapa kwamba saratani haijaingia kwenye msuli. Mkojo wa kupima seli nao usiwe ule wa kwanza asubuhi, seli zake zimeshaoza usiku kucha.

Mnaopokea sampuli, wekeni hapa mnachoandika kwenye daftari la sampuli zilizokataliwa, bila majina ya wagonjwa wala hospitali. Na madaktari wa mkojo mliomo humu, semeni chumba chenu cha biopsi kina chupa ngapi kwa mgonjwa mmoja.