Naomba ushauri: nakariri vipi wimbo usio na maneno?

Wakuu, habari zenu. Bendi yetu ya mtaani imeamua kupiga "Prisencolinensinainciusol" ya Adriano Celentano, ule wimbo wa Italia wa 1972 unaosikika kama Kiingereza cha Wamarekani, kumbe ni sauti tupu. Cha kueleweka ni "ol rait" tu. Mwimbaji ni mimi. Wiki ya pili hii nakariri, lakini nikifika katikati ulimi unajipeleka wenyewe kwenye Kiingereza cha kweli, utamu wote unaisha. Mpiga dramu ananiambia nibuni zangu, nani atajua? Mimi naona huo uhuni, maana zile silabi zimekaa sawasawa na mdundo. Mliowahi kuimba lugha msiyoijua, hata Kilingala, mlikariri vipi? Kwa daftari au kwa sikio tu?